Sindano, vikombe, kuchuliwa au dawa ya kuchemsha: namna ya kuchagua ndani ya tiba ya Kichina

Ukiingia kliniki ya tiba ya Kichina kwa mara ya kwanza, tuseme mgongo umekusumbua miezi mitatu, huenda ukakuta orodha ya huduma ukutani: sindano, vikombe, kuchuliwa, mitishamba. Ukiuliza tofauti yake utaambiwa zote zinafaa, na ukizikubali zote utazilipia zote. Ukweli ni kwamba hazifanyi kazi moja, hazina ushahidi sawa, na kila moja ina namna yake ya kuumiza ikikosewa.

Hapa tunazipima zote nne kwa maswali matano yaleyale: kinachofanyika ni nini hasa, utafiti umeona nini, utahudhuria mara ngapi, huharibika wapi, na inamfaa nani. Swali la sita halina kichwa chake kwa sababu linapita katika yote: wewe mwenyewe unaweza kukagua nini? Sindano unaiona ikitolewa kwenye pakiti. Kikombe unakiona. Mkono wa mchuaji ukikuumiza unasema "pole pole". Lakini maji meusi machungu, au kidonge chenye karatasi ya maelezo ya Kichina kitupu, unakimeza kwa kumwamini mtu.

Kabla ya kuchagua: wazo lililo nyuma ya zote nne

Tiba ya Kichina husema mwili una chi, nguvu inayotembea katika njia 12 kuu pamoja na mbili za katikati, moja ya mbele na moja ya mgongoni. Juu ya njia hizo kuna vituo 361 vinavyotambuliwa. Chi ikikwama, maumivu. Ikipungua, uchovu. Wapasuaji hawajawahi kuziona njia hizo mwilini, na msomaji hahitaji kuziamini ili apate nafuu ya goti, lakini akizijua ataelewa kwa nini mtu mwenye maumivu ya kichwa anachomwa sindano mguuni.

Msomaji wa Kiswahili hayuko mbali na fikra hizi kama anavyodhani. Neno letu "baridi yabisi" maana yake ni baridi na ukavu, urithi wa utabibu wa Kiyunani uliotufikia kupitia Waarabu, ule unaogawa vyakula na maradhi kuwa ya moto na ya baridi. Wachina wana jina lao kwa maumivu ya viungo: bi, yaani kuziba, wakimaanisha upepo, baridi na unyevu vimeingia kwenye kiungo na kuzuia mwendo. Kwao kosa ni unyevu, kwetu ukavu. Hata hivyo tabibu wa aina hiyo atakuuliza swali ambalo bibi yako angeuliza: linauma zaidi mvua ikinyesha?

Uchunguzi una hatua nne: kutazama, kusikiliza na kunusa, kuuliza, na kugusa. Ulimi hutazamwa rangi, utando na alama za meno pembeni. Mapigo hushikwa kwa vidole vitatu kwenye kila kifundo cha mkono. Kwa hiyo usipige mswaki ulimi asubuhi hiyo, usinywe kahawa, na tambuu iache nyumbani. Tabibu asiyeuliza kuhusu usingizi, choo, hedhi na dawa unazotumia, akaenda moja kwa moja kwenye bei, ameruka nusu ya kazi yake.

Jambo moja la kuweka sawa. Timu za madaktari kutoka China zimekuwa zikija Zanzibar kwa zamu tangu 1964, na wengi wao ni wapasuaji, madaktari wa macho, wa wanawake na kadhalika. Daktari Mchina si lazima awe tabibu wa tiba ya Kichina, na kwa upande mwingine, kuwa Mchina hakumfanyi mtu kuwa tabibu. China yenyewe inazo shule rasmi: vyuo vinne vya mwanzo vilifunguliwa 1956, katika Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, na mafunzo huchukua miaka. Uliza cheti.

Sindano (akupancha)

*Kinachofanyika.* Kwetu ukisema sindano mtu hufikiria dawa inayosukumwa ndani. Hizi hazina tundu wala dawa. Ni nyaya nyembamba za chuma cha pua, unene wa milimita 0.25 hivi, wakati sindano ya kuchomea dawa kwenye msuli huwa kati ya 0.6 na 0.8. Huchomwa kwenye vituo, kwa kawaida kati ya sita na kumi na tano, na huachwa dakika 20 hadi 30.

Kituo hakitafutwi kwa rula. Kipimo ni cun, upana wa kidole gumba cha mgonjwa mwenyewe kwenye fundo, na vidole vinne vilivyobanwa pamoja ni cun tatu. Chukua Zusanli, kituo cha mguuni kinachotumika sana kwa tumbo, uchovu na goti. Kunja goti, tafuta shimo dogo la upande wa nje chini ya pia ya goti, teremka vidole vinne, kisha sogea upana wa kidole kimoja nje ya ukingo wa muundi. Ukibonyeza hapo utasikia uzito. Hisia hiyo ndiyo tabibu anayoitafuta kwa sindano: uzito, kujaa, ganzi kidogo. Maumivu makali ya kuchoma au mshtuko kama wa umeme si dalili kwamba "dawa inafanya kazi". Sindano imegusa mshipa wa damu au neva, mwambie airudishe nyuma.

*Utafiti.* Kati ya njia nne, hii ndiyo iliyochunguzwa zaidi. Kwa maumivu ya muda mrefu ya goti, shingo, mgongo na kichwa, wanaochomwa hupata nafuu kubwa kuliko wasiotibiwa, lakini wakilinganishwa na waliochomwa sindano za uongo tofauti inakuwa ndogo. Kwa hiyo sehemu ya nafuu hutokana na kulala kimya nusu saa mbele ya mtu anayekusikiliza. Kwa kichefuchefu baada ya upasuaji, kituo cha Neiguan, cun mbili juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono katikati ya kano mbili, kina ushahidi mzuri, hata kikibonyezwa tu kwa kidole. Kwa mgongo wataalamu hawajakubaliana: mwongozo wa 2016 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ulisema sindano zisitolewe, na mwaka uliofuata chuo cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kikaziweka miongoni mwa tiba za kujaribu kwanza. Takwimu nyingi zilezile, uamuzi tofauti.

*Mahudhurio.* Mara moja au mbili kwa wiki, vipindi sita hadi kumi. Kwa kinga ya kipandauso, mwongozo wa Uingereza unataja hadi vipindi kumi ndani ya wiki tano hadi nane. Piga hesabu ya nauli pia. Ukifika cha tano au cha sita bila badiliko lolote, simama.

*Huharibika wapi.* La kawaida ni damu kidogo au alama ya kuvilia pale sindano ilipoingia. Kuzimia ni kwa nadra zaidi, na mara nyingi humpata aliyekuja na njaa. Kula chakula chepesi saa moja au mbili kabla. Mwezi wa Ramadhani omba nafasi ya baada ya futari. Mgonjwa akianza kutoka jasho jembamba na kuona giza, sindano hutolewa zote, hulazwa chali, miguu huinuliwa, hupewa maji ya sukari.

Hatari kubwa ni adimu lakini ijulikane: sindano ya begani kwenye kituo cha Jianjing, au ya juu ya mgongo, ikizama mno kwa mtu mwembamba hutoboa pafu. Kifua kikibana na pumzi ikawa fupi, hata saa kadhaa baada ya kutoka kliniki, ni hospitali papo hapo. Mjamzito hachomwi Hegu (kati ya kidole gumba na cha shahada) wala Sanyinjiao (cun tatu juu ya kifundo cha ndani cha mguu), vituo ambavyo vitabu vyao vimeviweka kando kwa wajawazito. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aseme mapema. Na sindano ni za kutumiwa mara moja: pakiti ifunguliwe mbele yako, zihesabiwe zinapoingia na zinapotoka.

*Inamfaa nani.* Mwenye maumivu ya muda mrefu ambaye ana dawa nyingi tayari na hataki kuongeza ya kumeza, na ambaye anaweza kuhudhuria kila wiki bila kukosa. Anayeogopa sindano mpaka misuli inakakamaa asijilazimishe. Msuli uliokaza huipinda sindano.

Vikombe (chuku, hijama)

*Kinachofanyika.* Kuumika si jambo geni Pwani. Chuku ya pembe iliyonyonywa kwa mdomo na kuzibwa kwa nta ni babu wa jambo hilihili, na hijama imejaa mijini. Kwa Wachina kikombe huwa cha kioo au mwanzi. Pamba iliyoloweshwa spiriti hushikwa kwa koleo, huwashwa, huzungushwa ndani ya kikombe sekunde moja au mbili, hutolewa, na kikombe hugeuzwa juu ya ngozi mara moja. Hewa iliyopashwa moto ikipoa husinyaa, ngozi huvutwa juu. Vya plastiki hutumia pampu badala ya moto, na kwa anayeanza ndivyo salama zaidi. Hukaa dakika 5 hadi 15. Mgongo ukipakwa mafuta, kikombe huweza kusukumwa kando ya uti wa mgongo badala ya kukaa mahali pamoja.

Duara zinazobaki, kama zile zilizoonekana begani kwa muogeleaji Michael Phelps kwenye Olimpiki ya Rio 2016, ni damu iliyovuja kutoka kwenye vimishipa vidogo chini ya ngozi. Hufifia ndani ya siku tatu hadi kumi. Si "sumu" iliyotoka, na weusi wake haupimi ugonjwa. Hupima nguvu ya mvuto na muda.

*Utafiti.* Majaribio madogo yanaonyesha nafuu ya muda mfupi kwa shingo na mgongo uliokaza. Mengi hayakuwa na ubora mzuri, na si rahisi kumdanganya mtu kwa kikombe cha uongo, kwa hiyo kulinganisha ni kugumu. Kwa kisukari, presha au utasa, hakuna la kutegemea.

*Mahudhurio.* Mara moja kwa wiki, mara tatu au nne. Hairudiwi mahali palepale kabla alama hazijafifia.

*Huharibika wapi.* Moto. Pamba iliyolowa kupita kiasi hudondosha spiriti inayowaka juu ya mgongo, au ukingo wa kikombe hupata moto kwa sababu mwali ulikaa mdomoni badala ya ndani kabisa. Pamba ikamuliwe kwanza. Kikombe kikiachwa zaidi ya dakika 20 ngozi hutoa malengelenge, na lengelenge ni jeraha hata kama utaambiwa ni "unyevu unatoka".

Hijama ya kuchanja ni jambo tofauti, ipimwe peke yake. Hapo kuna wembe, kuna damu, kuna virusi vya homa ya ini na VVU. Wembe mpya peke yake hautoshi kama kikombe chenyewe kilishatumika kwa mwingine na kuoshwa kwa sabuni. Kikombe cha damu ni cha kutupwa. Mwenye seli mundu, upungufu wa damu, hemofilia, mjamzito, mtoto, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wasichanjwe. Katika nchi zetu ambako upungufu wa damu ni wa kawaida kwa wanawake, kupima damu kabla si kujidai.

*Inamfaa nani.* Mwenye mabega yaliyokaza kwa kazi ya kuinama au kubeba, asiye na tatizo la damu wala ngozi, na asiyejali kuonekana na duara wiki nzima.

Kuchuliwa (tuina)

*Kinachofanyika.* Tuina si masaji ya kustarehesha. Mgonjwa hubaki na nguo nyepesi au hufunikwa shuka, na mikono hufanya miondoko yenye majina: kusukuma, kufinyanga, kubonyeza, kushika na kuinua. Mwondoko wa alama ni gunfa. Mgongo wa kiganja huviringishwa mbele na nyuma juu ya msuli, mara 120 hadi 160 kwa dakika, bega la mchuaji likiwa limelegea na nguvu ikitoka kwenye kifundo cha mkono. Ukimtazama anayejua, mkono wake hauruki wala hausugui ngozi. Unaviringika kama gurudumu. Anayesugua tu atakuacha na ngozi inayowaka na msuli uleule. Kipindi ni dakika 20 hadi 40.

*Utafiti.* Nafuu ya muda mfupi kwa mgongo na shingo, inayofanana na ya uchuaji mwingine wowote mzuri. Ikiunganishwa na mazoezi hudumu zaidi. Kusema kweli, kama mtaani kwako yupo mtaalamu wa fiziotherapia anayekuchua na kukufundisha mazoezi, tofauti kati yake na tuina ni ndogo kuliko mabango yanavyodai.

*Mahudhurio.* Mara mbili kwa wiki, wiki mbili au tatu.

*Huharibika wapi.* Shavu la mguu (nyama ya nyuma chini ya goti) lililovimba upande mmoja, lenye joto na maumivu, linaweza kuwa na damu iliyoganda mshipani. Kulichua kunaweza kuisafirisha damu hiyo hadi mapafuni. Mifupa iliyodhoofika ya wazee huvunjika kwa kubonyezwa. Na shingo: anayetaka kuigeuza kwa ghafla mpaka ilie "ka!" mkatalie. Ni nadra, lakini mshipa wa shingo ukichanika huleta kiharusi.

*Inamfaa nani.* Asiyetaka kuchomwa wala kuumikwa, na mzazi mwenye mtoto anayesumbuliwa na tumbo, kwa sababu ipo tuina nyepesi ya watoto. Kwa mtoto mwenye homa, kipimo cha malaria kwanza.

Dawa ya kuchemsha na vidonge

*Kinachofanyika.* Hapa ndipo maelezo marefu yanapohitajika, kwa kuwa ndipo jicho lako lisipofika. Dawa ya Kichina mara chache ni mmea mmoja. Ni mchanganyiko wenye vyeo: kiongozi, msaidizi, wa kupunguza makali, wa kupatanisha. Mfano wa zamani ni guizhi tang, ulioandikwa na Zhang Zhongjing karibu mwaka 200 kwa mtu mwenye mafua, jasho na kuogopa upepo. Kwa vipimo vya leo: vijiti vichanga vya mdalasini gramu 9, mzizi wa peoni gramu 9, tangawizi mbichi gramu 9, urukususu (mzizi mtamu, licorice) uliokaangwa gramu 6, na tende za Kichina chache, ambazo ni ndugu wa kunazi zetu. Baada ya kunywa, mgonjwa aliagizwa anywe uji mwepesi wa mchele ukiwa moto na ajifunike, mpaka jasho jembamba litoke mwili mzima. Jasho likitiririka kama maji, amezidisha. Mtu wa Lamu au Pemba hataona cha ajabu hapo isipokuwa peoni.

Uchemshaji una kanuni. Tumia chungu, kioo au chuma cha pua; chuma cha kawaida na alumini huingiliana na viambato vya baadhi ya mimea. Loweka dawa kavu katika maji baridi dakika 30, maji yapite juu ya dawa kwa upana wa vidole viwili. Chemsha kwa moto mkali, kisha punguza uache dakika 20 hadi 30. Chuja, ongeza maji, chemsha tena dakika 20, uchanganye maji ya mara zote mbili, jumla kama mililita 400, ugawe asubuhi na jioni. Majani yenye harufu kama mnanaa huingia dakika tano za mwisho, la sivyo mafuta yake yote huishia hewani. Mzizi wa fuzi ni kinyume chake: huchemshwa peke yake kwanza, dakika 30 hadi 60 au zaidi, kwani una akonitini, sumu inayovunjwa na moto wa muda mrefu. Ikiharakishwa, midomo hufa ganzi, kisha moyo hupiga ovyo. Fuzi isichemshwe nyumbani na anayejifunza.

*Utafiti.* Ushindi mkubwa kuliko wote uko mfukoni mwetu. Mwanasayansi wa China Tu Youyou alitafuta dawa ya malaria katika maandishi ya kale na kukuta agizo la tabibu Ge Hong wa karne ya 4: chukua konzi ya mmea wa qinghao (artemisia), loweka katika maji, kamua, kunywa maji yake. Halikusema chemsha. Akaacha moto, akatumia etha inayochemka kwenye nyuzi 35 hivi, na 1972 artemisinini ikapatikana. Alipewa Nobeli 2015. Dawa mseto ya malaria tunayopewa hospitalini imetoka humo.

Wengi hulisoma somo hilo kinyume. Mmea uligeuka tiba ya kuaminika ulipotolewa kiambato chake, ukapimwa, ukaunganishwa na dawa ya pili. Chai ya majani ya artemisia haina kipimo, na Shirika la Afya Duniani halipendekezi itumike kwa malaria. Kwa michanganyiko mingine mingi, majaribio yapo lakini mengi ni dhaifu.

*Mahudhurio.* Mara moja kwa wiki au mbili kurekebisha mchanganyiko, na kazi ya jikoni kila siku. Punje za kukoroga katika maji moto huokoa muda. Vidonge vya kiwandani ndivyo rahisi na ndivyo vya kutiliwa shaka zaidi.

*Huharibika wapi.* Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene huko Ubelgiji iliwapa wanawake vidonge vyenye mmea uliobadilishwa kimakosa: majina ya Kichina yanafanana, fangji moja badala ya nyingine. Uliowekwa ulikuwa na asidi ya aristolokia. Zaidi ya 100 waliharibika figo, na baadaye baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kosa lilikuwa kwenye gunia, si kwenye kitabu.

Mengine ya kujua kwa majina: urukususu mwingi hupandisha presha na kushusha potasiamu. Mahuang hukimbiza moyo. Heshouwu, inayouzwa mitandaoni kurudisha nywele nyeusi, imeharibu maini. Danggui na danshen pamoja na wafarini huleta kutokwa damu. Na vidonge vya maumivu ya viungo au vya nguvu za kiume vinavyofanya kazi ndani ya saa moja, mara kadhaa maabara za nchi mbalimbali zimekuta ndani yake dawa za hospitali kama steroidi, diklofenaki au sildenafili iliyotiwa kwa siri. Mtishamba hauna haraka hiyo. Kwa Tanzania, watoa tiba na vituo husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona namba ya usajili, na kama dawa haina jina unaloweza kulisoma, irudishe.

Na punda. Ejiao, gundi ya ngozi ya punda inayouzwa kama dawa ya damu, imemaliza punda katika vijiji vya Afrika kiasi kwamba Umoja wa Afrika mwaka 2024 uliweka zuio la miaka 15 dhidi ya biashara ya ngozi hizo. Upungufu wa damu una vidonge vya madini ya chuma. Anayebebewa maji na punda anajua hasara iko wapi.

*Inamfaa nani.* Mwenye tatizo la polepole kama tumbo kujaa gesi au kukosa usingizi, ameshapimwa hospitalini, hana dawa nyingine za kila siku, na ana tabibu aliyesomea anayeweza kumwandikia kila kiambato kwa jina na gramu.

Kwa hali yako

Mgongo au goti la miezi, hospitali imekuta hakuna kilichovunjika: anza na sindano vipindi sita, au tuina pamoja na mazoezi kama hupendi sindano. Usianze na zote mbili siku moja, hutajua ipi imekusaidia. Lakini mgongo unaoambatana na ganzi mapajani kwa ndani, mkojo usiozuilika au kukonda bila sababu si wa kliniki hii.

Mabega yamekaza baada ya safari ndefu au wiki ya kubeba magunia: vikombe vikavu, mara moja au mbili, kwa pampu.

Kipandauso kinachorudi kila mwezi: sindano kwa wiki nane, ukiandika kwenye daftari siku za maumivu kabla na baada. Bila daftari utakumbuka tu siku mbaya.

Unatumia dawa za presha, kisukari, wafarini au ARV: usimeze dawa yoyote ya Kichina mpaka daktari wako aone orodha ya viambato vyake, na usipunguze dawa zako kwa ahadi ya mtu. Sindano na tuina bado ziko wazi kwako, ukishasema unachotumia. Kwa mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayo, vikombe vya moto na moksa (mimea mikavu inayofukizwa karibu na ngozi) havifai miguuni, kwa sababu hatausikia moto unapomuunguza.

Mjamzito mwenye kichefuchefu: bonyeza Neiguan kwa kidole gumba dakika mbili au tatu kila mkono, mara kadhaa kwa siku. Haigharimu kitu, na unaweza kuifanya ukisubiri zamu yako kliniki ya wajawazito.